Foleni ya Ufalme na Kitenge cha Majogoo

Mtu akisimulia habari za Ufalme wa Juu Kabisa huambiwa anatia chumvi. Basi na ijulikane mapema kwamba kule chumvi inatiwa na serikali yenyewe, inamwagwa barabarani kwa magari maalumu ili raia wasiteleze kwenye barafu, kwa hiyo msimulizi hana haja ya kuongeza ya kwake. Ufalme huo uko kaskazini. Ukifika mahali unapodhani dunia imekwisha, unaendelea kidogo. Ni nchi nzuri, tusiwaonee. Maji ya bomba yananyweka, mawaziri wanaendesha baiskeli, na mtu akiangusha pochi njiani anaikuta palepale, imepanguswa theluji. Kitu kimoja tu ndicho adimu, nacho ni chumba cha mwanafunzi.

Wenyewe hawasemi kwamba vyumba ni adimu. Wanasema kuna foleni, na wakilitamka neno hilo wanasimama wima. Watu wengine wana mpira, wengine wana ngoma, hawa wana foleni. Katikati ya mji mkuu kuna Uwanja wa Subira, na katikati ya uwanja kuna sanamu ya watu kumi na mmoja wa shaba waliopangana mmoja nyuma ya mwingine. Wageni wengi hujiunga nao nyuma na kusimama kitambo kabla hawajagundua kuwa haisogei. Wenyeji pia hujiunga, ila wao hawajali kama inasogea.

Katiba ya Ufalme ina ibara moja: Aliyesubiri apewe. Ibara ya pili bado inasubiriwa.

Kwa sababu hiyo mzazi anayejali hamwandikishi mtoto shule kabla hajamwandikisha kwenye Foleni ya Vyumba. Wengine huandikisha mimba. Wengine, wenye kuona mbali, huandikisha uchumba. Na ikitokea kwamba chumba kimepatikana lakini mtoto hajazaliwa, familia hujisikia vibaya sana na kufanya haraka.

Huko ndiko aliteremka Atuganile Mwaisumo, binti wa Tukuyu, aliyekuwa amepata ufadhili wa kusomea uhandisi wa majengo. Kwao Tukuyu kuna baridi na mvua, nguo zinakaa kambani wiki nzima bila kukauka, kwa hiyo alipoonywa kuhusu baridi ya huko aendako alicheka kwa dharau kidogo. Dharau ilimwishia kwenye ngazi za ndege. Alikuwa na begi moja, na juu ya vitu vyote ndani ya begi hilo kulikuwa na kitenge alichopewa na mama yake, chekundu, kilichojaa majogoo wa manjano wakiwika kwa pamoja.

Katika Idara ya Foleni alipokewa na mama mmoja mwenye tabasamu la kweli kabisa. "Karibu katika Ufalme," alisema yule mama. "Chumba chako kitakuwa tayari baada ya miaka tisa."

Atuganile alieleza kwa upole kwamba shahada yake ni ya miaka mitatu. Yule mama alimpongeza kwa kuchagua kozi fupi. Akamweleza kwamba wanafunzi wengi humaliza masomo kwanza na chumba wakakipata baadaye, wakiwa wametulia kiakili, na kwamba majuzi tu profesa mmoja aliyestaafu alikabidhiwa ufunguo wa chumba alichoomba akiwa mwaka wa kwanza. Profesa alilia mbele ya kamera. Alikuwa amesahau alitaka kusoma nini.

Kisha yule mama, bila kupunguza tabasamu, akamweleza kuhusu Siku ya Hesabu. Kila mwaka, theluji ya kwanza ikishatulia, maofisa hupita mji mzima kuhesabu watu, na kila mtu lazima akutwe nyuma ya mlango wenye jina lake. Asiye na mlango huhesabiwa kuwa hayupo. Na mtu ambaye hayupo hawezi kuendelea na masomo, hilo kila mtu analielewa, kwa hiyo husindikizwa hadi uwanja wa ndege kwa heshima zote na kupewa chupa ya kahawa ya moto ya njiani. Atuganile aliuliza theluji ya kwanza huanguka lini. Yule mama alitazama dirishani akasema kwamba mwaka huu imechelewa.

Kabla ya kuanza masomo, kila mwanafunzi, mgeni kwa mwenyeji, alitakiwa kuhudhuria Somo la Ukaazi Mwema. Lilikuwa somo fupi lenye mambo matatu. Usimsalimu jirani kwenye ngazi. Ukisikia nyayo nje ya mlango wako, ngoja mpaka zipite ndipo utoke. Na usibishe hodi kwenye mlango wa mtu isipokuwa kuna moto, na kama moto ni mdogo, mwandikie.

Atuganile alikuwa mtoto wa kusoma. Aliyashika yote matatu. Kwenye mtihani wa vitendo alipanda lifti na watu wanne kutoka chini mpaka juu akitazama dari, wala hakukohoa, na mwalimu akasema hajawahi kuona mgeni wa namna hiyo. Alipewa cheti. Alikipiga picha akamtumia mama yake, na mama yake akauliza ni cheti cha kitu gani, na Atuganile akajikuta anasema mtandao unasumbua.

*

Darasani alikuwa amekaa jirani na kijana mrefu mwenye haya aitwaye Eskil. Eskil alikuwa na bahati iliyozungumzwa chuo kizima, yaani alikuwa na chumba. Bibi yake alimwandikisha kwenye foleni kabla baba na mama yake hawajakutana, na wapo wanaosema wazazi hao walioana ili nafasi isipotee. Chumba chenyewe kilikuwa darini mwa jengo la zamani la Mtaa wa Misonobari. Kilikuwa cha aina mpya, kinaitwa Chumba Fanisi. Kitanda ndicho meza, meza ndiyo jiko, na Eskil akitaka kugeuka ubavu ilibidi atoke kwenye korido na kuingia upya kwa kutanguliza miguu. Kilipata tuzo ya usanifu. Majaji hawakuweza kuingia kukabidhi, wakaiacha mlangoni.

Eskil hakuwa mchoyo, alikuwa tu hana pa kuweka ukarimu wake. Alipojua kuwa Atuganile analala maktaba na kuamkia kwenye vyoo vya kituo cha treni, alifikiri siku mbili, kisha akamwambia kuhusu chumba cha kufulia.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana mgeni anaweza kudhani chumba cha kufulia ni chumba cha kufulia. Katika Ufalme wa Juu Kabisa sheria ya chumba hicho ni kongwe kuliko Katiba. Kila jengo lina kimoja, kiko chini kabisa, kina joto, kina taa, kina mashine na meza pana ya kukunjia nguo. Mlangoni pana ubao wenye siku na saa, na kila mkazi ana kufuli lake. Ukitundika kufuli lako kwenye saa fulani, na mashine ikawa inazunguka, chumba ni chako mpaka saa hiyo iishe. Hakuna anayeruhusiwa kuingia, awe polisi, awe kasisi, awe mfalme. Mfalme Haldor wa Tatu alisimama nje ya mlango kama huo mchana kutwa kwenye baridi, ameshika kapu la soksi, kwa sababu mkamua maziwa wake alikuwa amewahi kutundika kufuli. Mfalme akapata homa ya mapafu akafa. Taifa linamkumbuka kwa mapumziko ya siku moja, na siku hiyo hakuna anayefua.

Wanafunzi wa darini hawakuwa wakifua. Ijumaa walibeba nguo chafu kwa treni kwenda kwa mama zao, na makufuli yao yalikaa tu. Eskil aliwaandikia wote ujumbe kwa simu, ingawa walitenganishwa na mbao nyembamba na kila mmoja alisikia simu ya mwenzake ikilia. Walikubali wote. Basi Atuganile akahamia chini kwa begi lake na makufuli ya watu, akawa mkazi halali wa saa hii na saa inayofuata.

Tatizo lilikuwa moja: mashine lazima izunguke. Nguo zake zote aliziosha siku ya kwanza. Siku ya pili alibakiwa na kitenge. Akakiosha kitenge, akakikausha, akakiosha tena. Alijifunza hesabu za mihimili na nguzo juu ya meza ya kukunjia, miguu ikiwa kwenye joto la mashine, na majogoo wakizunguka nyuma ya kioo mchana na usiku. Walianza kufifia mkiani. Baadaye wakapoteza mabawa. Kufikia wakati majani ya miti yalipokwisha kuanguka, wengi walikuwa wamebaki vichwa tu, bado wanawika.

Lakini kulikuwa na tundu moja kwenye ratiba, nalo ni Alhamisi asubuhi. Saa hizo zilikuwa na kufuli la Bibi Ragnhild wa ghorofa ya pili, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa akishuka na kapu. Atuganile alibeba begi lake akatoka, Bibi Ragnhild akaingia, na pale mlangoni wote wawili walitazama dari kwa ustadi mkubwa. Ndani ya kapu siku zote kulikuwa na kitambaa kimoja cha meza, cheupe pee, kimepigwa pasi. Atuganile aliwaza kuwa huyu naye anafua kitu kisafi. Hakuuliza. Alikuwa na cheti.

*

Mwezi uleule likaitishwa Kongamano Kuu la Mielekeo na Changamoto za Makazi ya Wanafunzi katika Kanda Yote ya Kaskazini. Lilifanyika katika hoteli yenye vyumba mia tisa, vyote vina joto, vyote vitupu ili kelele zisiwasumbue wajumbe. Mwanafunzi aliyehudhuria alipewa kiti na bakuli la supu, kwa hiyo walihudhuria wengi sana, na wajumbe waliguswa na mwamko wa vijana.

Falme jirani zilileta mafanikio yao. Ya kwanza ilieleza jinsi ilivyowaweka wanafunzi kwenye meli, mradi mzuri kabisa, ila meli iliondoka. Ya pili iliwaweka kwenye makontena, na sasa ilikuwa inawaomba wajumbe wa bandari mbalimbali wawe wanafungua kwa uangalifu. Ya tatu ilizindua Chumba cha Kusimama, kisicho na kitanda, chenye mkanda kifuani, na mtaalamu wake akathibitisha kwa michoro kwamba farasi hulala hivyo na hajawahi kulalamika.

Ndipo akapanda Mheshimiwa Torgrim Almskog, Waziri wa Makazi na Subira. Alikuwa amekuja kwa baiskeli na kofia bado ilikuwa kichwani.

"Ndugu wajumbe," alisema, "nataka nikanushe uvumi. Ufalme hauna uhaba wa vyumba. Ufalme una ziada ya wanafunzi wasio na vyumba, na ziada, kwa mchumi yeyote, ni dalili ya ustawi."

Akaendelea kwa muda mrefu. Alisema mwanafunzi wa kisasa hataki chumba, anataka uzoefu wa chumba. Alisema tumeacha kupima vyumba kwa mita, sasa tunavipima kwa matumaini. Alitaja uendelevu mara nyingi mpaka mkalimani akaomba maji. Mwisho akauliza kama kuna swali, jambo ambalo wasemaji wa kule huliuliza kwa sababu hakuna anayeuliza.

Atuganile alisimama. Hakuwa amepanga, ila theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kuanguka nyuma ya madirisha ya ukumbi na yeye ndiye peke yake aliyeitazama kwa hofu. Alisema anaishi katika chumba cha kufulia cha Mtaa wa Misonobari, kwa makufuli ya kuazima, na kwamba mlango ule hauwezi kuandikwa jina. Akauliza Siku ya Hesabu asimame nyuma ya mlango upi.

Waziri alivua kofia. Macho yake yalilengwa na machozi, na kila aliyekuwepo aliona.

"Hebu msikilizeni huyu binti," alisema. "Ametuonyesha njia. Nchi hii ina vyumba vya kufulia kila jengo, vina joto, vina maji, vina mwanga, na sisi tulikuwa tunafulia nguo."

Alipigiwa makofi kwa kusimama. Palepale ikapitishwa kwamba vyumba vyote vya kufulia vinaingia kwenye hesabu ya makazi ya taifa, kwa jina la Makazi Yanayozunguka. Na kwa kuwa sasa ni makazi, vitagawiwa kwa haki, yaani kwa foleni. Atuganile alikabidhiwa shada la maua na nafasi yake mpya. Ilikuwa miaka kumi na moja.

Asubuhi iliyofuata fundi mmoja mstaarabu sana alifika Mtaa wa Misonobari, akang'oa ubao wa makufuli, akafunga mlango. Alimsaidia Atuganile kubeba begi mpaka kwenye ngazi. Kitenge Atuganile alikitoa kwenye mashine kikiwa bado kinachuruzika maji.

*

Alikaa pale kwenye ngazi akampigia mama yake. Alikuwa amedhamiria kuongea mambo ya kawaida, hali ya hewa na masomo, lakini yote yalimtoka: foleni, kufuli, Waziri, na kwamba Siku ya Hesabu ni keshokutwa na huenda akarudi nyumbani bila shahada. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake, kule Tukuyu, mvua ilikuwa inapiga bati.

"Mwanangu, hapo mwenyeji wako ni nani?" aliuliza.

"Mama, huku hakuna mambo ya wenyeji."

"Hiyo nyumba haina watu?"

"Ina watu. Ghorofa tano."

"Wanakujua?"

Atuganile alisema hapana.

"Yaani umekaa kwenye nyumba ya watu tangu tunavuna viazi mpaka leo, na hujampigia mtu hodi hata mmoja." Mama yake hakupandisha sauti. "Atu, hilo hukufundishwa na mimi."

Aibu iliyompata Atuganile haikuwa ndogo. Kufukuzwa na Ufalme kulimuuma, lakini hili lilimchoma mahali pengine kabisa, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa amepita mbele ya mtu mzima kila Alhamisi akitazama dari. Kwao mtoto wa miaka mitano angeitwa na kuulizwa kama ana akili timamu. Tena yeye alifanya hivyo kwa bidii, akapata na maksi.

Akajifunga kitenge kibichi kiunoni, akapanda mpaka ghorofa ya pili. Mbele ya mlango wa Bibi Ragnhild alivuta pumzi, akagonga.

Sauti ya kugonga ilisambaa jengo zima. Juu kuna mtu aliyesikika akikimbilia mtungi wa kuzimia moto. Vitundu vya kuchungulia vikawa vyeusi, mlango baada ya mlango. Atuganile akasema hodi, kwa Kiswahili, kwa sababu lugha ya Ufalme haina neno hilo. Neno lao la karibu zaidi maana yake ni "samahani kwa kuwepo."

Nyuma ya mlango kulikuwa na mtu aliyesimama bila kupumua, akingoja nyayo zipite, na Atuganile alijua hivyo kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyojibu kwenye mtihani. Akasema hodi tena. Kwao hodi ni mara tatu, ndipo unajua kama mwenyeji hayupo au hakutaki. Akasema ya tatu.

Mlango ulifunguka, mnyororo ukiwa umefungwa.

"Kuna moto?" aliuliza Bibi Ragnhild.

"Hapana, Bibi. Ni mimi wa chini. Nimekuja kukusalimu."

"Kunisalimu." Yule mzee alilirudia taratibu. "Na baada ya hapo?"

"Basi. Nikuulize umeamkaje."

Bibi Ragnhild alimtazama, akatazama kitenge kinachodondosha maji kwenye zulia la ngazi, akatoa mnyororo. Aliamka vibaya, alisema. Magoti. Tena hajaulizwa hivyo tangu mume wake afariki, na huo ni mwaka wa kumi na nne.

Walikunywa kahawa kwenye meza yenye kile kitambaa cheupe. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, vitatu vimefungwa ili joto lisipotee. Mwanzoni yule mzee alijibu kila swali kwa adabu na kunyamaza, kama mtu anayejaribu kutembea baada ya kuugua kitandani muda mrefu. Baadaye maneno yalimjia. Alisema hakuwa na nguo za kufua Alhamisi zote zile. Alikuwa anashuka kuona kama yule msichana atasema kitu.

"Kwa nini wewe hukusema, Bibi?" Atuganile aliuliza.

Bibi Ragnhild aligeuza kikombe chake. "Lile Somo la Ukaazi Mwema nililitunga mimi," alisema. "Nimelifundisha mpaka nikastaafu. Nilikuwa mkali sana."

Kisha akainuka kwa magoti yake yale, akaenda kufungua mlango wa kwanza kati ya ile mitatu.

*

Siku ya Hesabu alifika Afisa Tordal wa Idara ya Foleni, na chupa ya kahawa ya njiani mkononi. Mlangoni mwa ghorofa ya pili alikuta majina mawili, moja la shaba na moja la karatasi. Alisoma lile la karatasi mara kadhaa, likamshinda, akalilinganisha na kumbukumbu zake, uso ukambadilika rangi.

Alisema anasikitika. Alisema mbele ya msichana huyu kuna watu elfu sitini waliotangulia, na yeye yuko ndani, wao wako nje. Kuna neno moja tu kwa kitendo hicho, na Afisa alilitamka kwa sauti ya chini, kwa vile kulikuwa na mwanamke mzee: kuruka foleni. Katika Ufalme mwizi anaweza kuhurumiwa, na muuaji hupewa chumba chenye dirisha, lakini mruka foleni hata mama yake humkana. Begi la Atuganile lilikuwa palepale nyuma ya mlango, kwa kuwa hakuwa amethubutu kulifungua.

Bibi Ragnhild alisogea mbele yake.

"Kijana, Ibara ya Kwanza inasemaje?"

Afisa alisimama wima. "Aliyesubiri apewe."

"Mimi nimesubiri mtu abishe mlango huu tangu mume wangu afe. Niambie ni wapi imeandikwa kwamba kusubiri kwangu si kusubiri."

Afisa alipekua sheria. Sheria ilisema mtu akisubiri apewe, lakini haikusema anasubiri nini, na wala haikusema kwamba mwenye kusubiri lazima awe hana nyumba. Akampigia mkubwa wake. Mkubwa akaipigia Wizara ya Makazi na Subira. Wizara ikaona suala la wazee wapweke si lake, ni la Wizara ya Upweke, ambayo ofisi zake ziko mlango wa pili kwenye korido hiyohiyo. Wizara hizo mbili zilikuwa majirani kwa miaka ishirini na hazijawahi kusalimiana. Zikaandikiana barua. Barua ilizunguka kwa posta mji mzima, ikarudi kwenye korido, na muda wote huo Afisa Tordal alikaa sebuleni kwa Bibi Ragnhild, akanywa kahawa yake na ile ya njiani pia.

Jioni uamuzi ulifika. Atuganile Mwaisumo hakuwa mwanafunzi aliyepata chumba, maana hilo lingekuwa kosa. Alikuwa ni kitu alichokisubiri raia, na kimewasili. Afisa alimwandikisha hivyo, akaomba samahani kwa kuwepo, akaondoka. Na Atuganile akafungua begi.

*

Wizara ilitangaza kwamba foleni ya wanafunzi imepungua kwa mtu mmoja, matokeo ya wazi ya Kongamano. Kisha, kwa kuwa tukio la Mtaa wa Misonobari lilidhihirisha kwamba kuna raia wengi wenye vyumba vitupu wanaosubiri kubishiwa hodi, ikafunguliwa foleni ya pili, ya kwao. Waziri Almskog mwenyewe alikata utepe katika Uwanja wa Subira. Alisema hakuna nchi nyingine duniani yenye foleni mbili za ubora huu.

Na ni kweli zilikuwa nzuri. Upande mmoja walisimama wanafunzi na mabegi yao, wakisubiri vyumba. Upande wa pili walisimama wazee na funguo zao, wakisubiri watu. Foleni zilitazamana, katikati kuna nafasi ya mita moja iliyomwagwa chumvi, na mabango yakikumbusha kwamba kuzungumza kwenye foleni si ustaarabu. Upande wa wazee makadirio yalikuwa miaka kumi na miwili. Baadhi yao waliuliza, kwa adabu, kama umri umezingatiwa, wakajibiwa kuwa swali lao limewekwa kwenye foleni.

Asubuhi moja Atuganile na Bibi Ragnhild walipita hapo wakitoka sokoni. Kapu la mikate lilifunikwa kwa kile kitenge, ambacho sasa kilikuwa cheupe karibu chote, isipokuwa upanga mmoja wa kichwani mwa jogoo uliogoma kutoka. Bibi Ragnhild alitembea taratibu katikati ya foleni mbili, kwenye ile mita moja, akiwatazama watu usoni. Wengi wa upande wa wazee aliwafundisha mwenyewe. Walimtambua, wakajinyoosha.

Alisimama. Atuganile alidhani ni magoti.

"Hodi," alisema Bibi Ragnhild, kwa lafudhi mbaya na kwa sauti ya darasani.

Foleni zote mbili zilitazama dari. Lakini pale hapakuwa na dari, palikuwa na anga tu, na watu wakabaki wametazama juu bila kujua waangalie nini. Akasema tena. Walinzi wakatazamana, kwa sababu neno lile halikuwa kwenye mabango. Akasema ya tatu, na Atuganile akamshika mkono.

Mwishoni kabisa mwa foleni ya wazee alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia ya sufi. Alishusha macho, akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Kisha akatoka mahali pake, akaivuka ile mita moja ya chumvi, akamuuliza kijana aliyekuwa mbele yake kama anakula samaki.

Kijana alisema anakula, akaokota begi lake.